Kaka Prosper, kuhusu vigae vya Babu

Roma

Kaka Prosper, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, dakika zote saba. Mimi mzima. Mgongo unasumbua kidogo, ila bibi ninayemlea hajambo, basi tuyaache hayo.

Kwanza nikuringishie. Jumamosi nimeshuka chini ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Sisemi kule kwenye makaburi ya Mapapa anakopita kila mtu, nasema chini zaidi. Huko huendi hivi hivi. Unaomba mapema kwenye ofisi ya uchimbaji, mnashuka kikundi kidogo, picha marufuku. Mtoto wa bibi ndiye aliyeniombea. Mwambie yule katekista aliyesema nimekuja Roma kufagia tu.

Kumbe kanisa lile limekaa juu ya makaburi ya Warumi wapagani! Ni kichochoro, kaka. Vijumba vya matofali kila upande, kila kimoja na mlango wake na ukoo wake ndani. Joto, unyevu, kama jikoni kwa Mama siku ya kupika pombe. Hapo jirani ndipo palikuwa na uwanja wa mbio wa makaisari Kaligula na Nero, na mapokeo yanasema Petro aliuawa humo. Ile nguzo ya jiwe ya Misri unayoiona kwenye televisheni Papa akibariki watu ilisimama kwenye uwanja huo, hadi Papa Sisto V alipoihamisha mwaka 1586.

Sasa sikiliza. Mlango mmoja una maandishi ya marehemu Popilius Heracla. Ni wosia. Anawaambia warithi wamjengee kaburi hapo Vatikano, karibu na uwanja wa mbio, kwa sesterti 6,000, hela ya Warumi wa zamani: Novia Trophime atoe 3,000 na mrithi mwenzake 3,000. Wakajenga, na hesabu yote wakaichonga juu ya mlango, kila apitaye asome. Wenzangu walishasonga mbele, mimi bado nimeganda pale nakuwaza wewe.

Maana mwaka juzi nilituma hela ya vigae vya kaburi la Babu. Mwaka jana ya saruji. Picha aliyonitumia Mama Krismasi, Babu bado yuko na kile kifusi na msalaba wa mbao umelala upande, ila nyuma yake banda lako la ng'ombe linang'aa bati jipya. Sisemi kitu.

Na hilo la Baba Mdogo la kujenga fremu za duka pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, juu ya makaburi ya Babu na Bibi, nimelisikia kwa watu, si kwako. Konstantino mwenyewe, kaisari, alipojenga kanisa lake karne ya 4 aliezua vile vijumba, akajaza udongo, akasawazisha kilima. Lakini kuta aliziacha, na majina, na michoro. Ndiyo maana wachimbaji wa Papa Pio XII, kuanzia 1940 hadi 1949, mwanzoni Vita ya Pili ya Dunia bado inapigwa, walivikuta. Tena Konstantino alitaka kanisa lake likae juu ya kaburi la Petro. Baba Mdogo anataka vipuri vya bodaboda.

Mifupa tuliichungulia kwenye visanduku vyake. Papa Paulo VI alitangaza mwaka 1968 kwamba ya Petro imetambuliwa. Wasomi wanabishana hadi leo. Mimi nilipiga ishara ya msalaba, nikanyamaza.

Kilichoniliza ni kingine. Kuna kaburi waliloliwekea mrija, ili ndugu wammiminie marehemu kinywaji toka juu. Nikamwona Babu kabisa, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, anamwaga kidogo kwenye masale, yale majani yetu ya heshima, kabla hajagusa mdomo, na Bibi anamwambia padre atakuona. Yule mwongozaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto.

Kwa hiyo safari hii natuma nusu. Nusu ni yako, uza hata ndama. Fundi alipwe mbele ya Mama, na risiti uipige picha. Masale asiyaguse mtu, na Baba Mdogo mwambie nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya misa.

Dawa za Mama anakuja nazo yule dada wa Kilema. Mpe na yeye ndizi za kutosha, aniletee hata zikifika nyeusi.

Mdogo wako,
Manka