Vigae vya matangi ya geko: mchango mwisho Alhamisi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi hii saa nne asubuhi tunakutana lango kuu la soko la Nakawa, tununue kwa pamoja vigae vya sakafu vya kutandika ndani ya matangi ya geko chui, mijusi tunaowafuga, na fundi atukatie papo hapo.

1. Mchango ni shilingi 30,000 kwa tangi. Mtumie mweka hazina kwa simu kabla ya Alhamisi saa mbili usiku.

2. Pimeni tangi kwa ndani. La sm 90 kwa 45 linachukua vigae 5 vya sm 30 kwa 30: vitatu vizima, viwili vya kukatwa nusu (kipande kimoja kitabaki). Tunachagua vyenye uso wa kukwaruza kidogo, maana kwenye ving'aavyo geko huteleza.

3. Mchanga uliomo matangini uondoeni leo, hata ule wa kalisi (madini ya mifupa) unaouzwa kwa jina la "salama". Geko chui akirukia nyenje humeza na punje, zikajazana tumboni na choo kikafunga. Wadogo ndio huumia zaidi. Maranda ya mierezi na misonobari nayo hapana, harufu yake hudhuru mapafu.

Kwa sasa tandikeni tishu za jikoni au magazeti. Ndani ya kibanda kimoja cha geko kujificha wekeni tishu yenye unyevu. Bila hiyo ngozi kuukuu geko anapojivua huweza kung'ang'ania vidoleni, ikabana damu na kidole kikakatika.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa kabla ya kesho jioni: unakuja au huji, matangi mangapi, na vipimo vyake. Asanteni sana.