Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa klabu yetu ya rali: shughuli, suala la gari na ada

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni na wengine habari za kwenu.

Shughuli za kawaida mnazijua wenyewe sitazirudia sana. Tulitoa watu wa kusimama njiani na kushika muda kwenye mashindano, tukafanya semina ya manavigeta, wale wanaokaa pembeni ya dereva na kumsomea njia, pale Gangilonga, tukakagua mikanda na vizima moto vya magari ya wanachama, na wenzetu wa Mbeya wakaandaa siku ya mazoezi upande wa Mbalizi, ilienda vizuri. Leseni zilichelewa kidogo lakini zilitoka. Hayo tumeyamaliza.

Nije kwenye suala la gari, maana najua ndio mnalolisubiri na kwenye grupu limesemwa mpaka wengine wakaandika kwamba mwenyekiti amekalia hela za watu. Mfuko wa gari ulikuwa na milioni 38. Kuna wenzetu walitaka tuchukue yote, tukope na nyingine juu, tuvute Mitsubishi Evo 10 ya mkono wa pili kutoka nchi jirani, tuipaki ile Subaru Impreza yetu. Mimi nikasema hapana, kamati tukapiga kura ikawa nne kwa tatu, na milioni 11 tukaitumia kwenye shokapu mpya na kufungua giaboksi ya Impreza. Huo uamuzi niliusukuma mimi, sijifichi nyuma ya kamati, na bado nausimamia.

Sababu zangu ni hizi, naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kujibu. Mwaka 2020 Toyota walikuwa wanatengeneza gari jipya la WRC, yaani ubingwa wa dunia wa rali, kwa ajili ya msimu wa 2021, limejengwa kwenye gari lao la barabarani GR Yaris, na lilishaanza kufanyiwa majaribio barabarani. Corona ikaingia, majaribio yakavurugika. Tommi Mäkinen ndio alikuwa anaongoza timu kipindi hicho, wakaamua kulisimamisha gari jipya na kubaki na Yaris ya zamani. Jamani ile ni Toyota, wana kiwanda, wana karakana yao kule Finland, wana hela ambazo sisi hatuwezi hata kuzihesabu, na bado wakaona bora gari unalolijua kuliko jipya ambalo halijaiva. Matokeo yake ni kwamba 2021 dereva wao Sébastien Ogier akachukua ubingwa wa dunia, Toyota wakachukua wa watengenezaji, na Safari Rally ya Kenya iliporudi WRC pale Naivasha baada ya kukosekana tangu 2002, Toyota wakashika wa kwanza na wa pili, Ogier na Katsuta. Wote hao na gari la zamani! Nguvu wakazipeleka kwenye gari la 2022 la kanuni za haibridi, yaani injini ya mafuta ikisaidiwa na umeme, na Safari ya mwaka huo wakamaliza wa kwanza mpaka wa nne.

Kwahiyo anayesema kusimamisha ununuzi ni uoga aniambie na wale walikuwa waoga au vipi.

Halafu angalieni walivyolitoa GR Yaris Rally2, gari la rali la daraja la chini ya yale ya juu ya WRC, lile wanalouziwa timu binafsi. Hawakulichora wakaanza kuliuza kesho yake. 2023 walilipeleka kwenye ubingwa wa rali wa Japani likiwa bado gari la majaribio, likaendeshwa kwenye mashindano yenyewe, mafundi wakaona linakatika wapi na linachemka wapi, ndio Januari 2024 likapata kibali cha FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, na kuanza kwenye rali ya Monte Carlo mwezi huohuo. Injini yake inatokana na ile ya GR Yaris ya barabarani, silinda tatu, lita 1.6 na turbo. Yaani kazi kubwa ya gari la rali ni majaribio, unaendesha, unafungua, unaandika, unabadilisha, unarudi tena. Sisi tuna gari miaka yote hiyo na hatukuwahi kuwa na daftari la kuandika shokapu imefunguliwa lini, daftari hilo nimelianzisha mimi mwaka huu na lipo gereji, mnaweza kulisoma.

Na kwanini shokapu? Wanaokumbuka Safari ya 2021, dereva Thierry Neuville alikuwa anaongoza na Hyundai yake, Jumapili asubuhi suspensheni ya nyuma ikamfia na ushindi ukaondoka hivyohivyo. Hakukosa mwendo. Sasa vumbi la Ismani mnalijua, unga mtupu na mawe yamejificha chini, ukitoka hapo unapanda Mafinga kwenye barabara za msituni Sao Hill kuna matuta ya maji kila kona. Evo ya mkono wa pili yenye shokapu zilizochoka ingefika wapi kule, na spea zake tungeagiza kwa hela ipi wakati mfuko umeisha na tunadaiwa?

Kuna hili pia la kanuni mpya za WRC za 2027, bei ya gari imewekewa kikomo cha euro 345,000. Naamini wenye uwezo huko juu wakianza kubadilisha magari, ya mkono wa pili yatashuka mpaka kwetu kwa bei inayoeleweka. Kusubiri sio kulala.

Sasa ada. Hapa nitasema ukweli hata kama mtanuna. Tuko wanachama 61, waliolipa mwaka mzima ni 19, waliolipa nusu 12, waliobaki hawajalipa hata senti, na deni lote ni milioni 7 na ushee. Mkutano wa Juni walikuja watu 14, wa Septemba 11, na kati ya walioandika sana kuhusu Evo kwenye grupu niliwaona wawili tu ukumbini. Inaniuma sana kwakweli. Hela ya kukodi gari la wagonjwa siku ya Mbalizi nimetoa mfukoni kwangu na sijadai nirudishiwe, wala mafuta ya kwenda kuomba kibali cha kutumia barabara za msituni.

Mwaka ujao tukijaliwa tunatarajia Impreza ikimbie mashindano mengi zaidi, tupate vijana wa Njombe na Makambako, na ikiwezekana tupeleke mafundi wetu Naivasha wakaone sehemu ya kuhudumia magari ya rali inavyofanya kazi. Mdhamini tunaongea naye, akikubali tutawaambia. Risiti za shokapu na giaboksi zote ziko kwa mweka hazina, anayetaka kuziona aende azione, na akienda alipe na ada yake hukohuko.