Mwenzao wa nne ana jina

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la mwezi uliopita mlichapisha makala kuhusu waigizaji wa sura ngumu waliojipatia riziki katika picha za kikauboi na za vita. Makala hiyo ilipambwa na picha kutoka filamu ya mwaka 1966, The Professionals, inayowaonyesha wanaume wanne jangwani. Chini yake mliwataja Burt Lancaster, Lee Marvin na Robert Ryan, kisha mkaongeza maneno mawili: “na mwenzao”. Mwenzao huyo anaitwa Woody Strode. Katika hadithi ile kila mmoja ana ujuzi wake: Marvin ni mtu wa silaha, Lancaster ni wa baruti, Ryan ni wa farasi, naye Strode ndiye anayesoma nyayo na kutumia upinde. Hakuna aliyekuwa mpambe wa wenziwe, na ndiyo maana maneno yenu yameniuma.

Strode alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, na kabla ya sinema alikuwa mwanamichezo mashuhuri. Mwaka 1939 alichezea timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Wakati huo NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mpira huo, ilikuwa imewafungia mlango wachezaji Weusi tangu msimu wa mwaka 1933 ulipomalizika. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1946, klabu ya Rams ilipohama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa Coliseum, ambao ni mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya Weusi walishikilia kwamba uwanja wa umma hauwezi kupewa klabu inayowabagua wananchi, na Rams wakamsajili Washington, kisha Strode. Mwaka mmoja baadaye Robinson aliingia ligi kuu ya besiboli, ambayo nayo ilikuwa imewafungia Weusi, na hilo ndilo tukio ambalo dunia inalikumbuka. Strode alikuwa tayari na miaka 32 msimu wake na Rams ulipoanza, akacheza msimu mmoja tu. Alikwenda Kanada, akatwaa ubingwa wa mpira huo na klabu ya Calgary mwaka 1948, na alipigana mieleka kwa miaka kadhaa.

Hollywood ilimpokea kwa ajili ya mwili wake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye misuli iliyojengeka, na kwa muda mrefu alipewa nafasi za kusimama nyuma ya wengine akiwa na mkuki mkononi. Ninachowaomba wasomaji wakitazame ni namna alivyozitumia nafasi chache zilizokuwa na uzito. Katika Pork Chop Hill ya mwaka 1959, filamu ya vita vya Korea, aliigiza askari anayejivuta nyuma kwa sababu haoni kwa nini afe kwa ajili ya kilima cha ugenini, ilhali hata huko kwao hakuna maisha ambayo angekubali kuyafia. Mwaka uliofuata, katika Spartacus, alikuwa Draba, mtumwa anayelazimishwa kupigana hadi kifo ili wakubwa wa Kirumi wafurahi. Anamshinda Spartacus, mtumwa mwenzake na shujaa wa filamu, anamwekea mkuki wa meno matatu shingoni, kisha anasita. Kwa nukta kadhaa hasemi lolote, na uso wake peke yake ndio unaotueleza kwamba ameshaamua. Mkuki anaurusha kwa watazamaji, anapanda ukuta kuwafuata, na kuuawa. Anaonekana kwa dakika chache katika filamu ya zaidi ya saa tatu, lakini ni kifo chake kinachowasha moto wa uasi wote unaofuata. Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi.

Mwaka huohuo wa 1960, mwongozaji John Ford alimpa nafasi ya kiini katika filamu ya Sergeant Rutledge, hadithi ya sajenti Mweusi wa kikosi cha tisa cha wapanda farasi anayeshtakiwa kwa mauaji na ubakaji ambao hakuufanya. Rutledge alikuwa amekwisha kutoroka, lakini alipogundua kwamba wenzake wanakaribia kuingia katika mtego, alirudi kuwaonya, ingawa alijua kitakachompata. Wakili wa upande wa mashtaka anamshinikiza mahakamani aseme kwa nini alirudi. Jibu lake, kwamba kikosi kile kilikuwa nyumba yake, uhuru wake na heshima yake, Strode analitoa kwa sauti inayoanza kwa kujizuia na kuishia kwa kilio, na kwangu mimi hapo ndipo kilele cha kazi yake yote. Hata hivyo, katika orodha ya waigizaji jina lililotangulia lilikuwa la Jeffrey Hunter, aliyeigiza mtetezi wake. Sajenti ambaye filamu nzima inamhusu aliwekwa nyuma.

Kuna pia The Man Who Shot Liberty Valance ya mwaka 1962, ambamo Strode ni Pompey, mfanyakazi wa mhusika anayeigizwa na John Wayne, anayesoma darasa moja na watoto. Anapotakiwa kukariri Azimio la Uhuru wa Marekani, anasahau yale maneno yasemayo kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mwalimu anamwambia kuwa watu wengi huyasahau. Sijui kama kuna mtu mwingine ambaye angeweza kusimama pale na kukubali kimya kimya, bila kulilia huruma, kama alivyofanya yeye.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda kufanya kazi Italia. Wengi wanamkumbuka kwa mwanzo wa filamu ya mwongozaji Sergio Leone ya mwaka 1968, Once Upon a Time in the West, akingojea treni huku matone ya maji yakidondokea kofia yake, hadi anapoyanywa. Mimi ningependa zaidi atajwe kwa filamu nyingine ya Kiitaliano ya mwaka huohuo, Seduto alla sua destra, iliyoongozwa na Valerio Zurlini. Humo ni Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa, mhusika aliyechongwa kutokana na siku za mwisho za Patrice Lumumba. Wasomaji wenu walio Lubumbashi, karibu na mahali Lumumba alipouawa tarehe 17 Januari 1961, wana haki ya kujua kwamba mtu mliyemwita “mwenzao” ndiye aliyebeba hadithi hiyo mbele ya kamera miaka saba tu baada ya mauaji yenyewe.

Strode alifariki tarehe 31 Desemba 1994, akiwa na miaka 80, na filamu yake ya mwisho, ya kikauboi, ilitoka mwaka uliofuata. Ninaomba mchapishe picha ile tena katika toleo lijalo, na safari hii chini yake yaandikwe majina manne.

Wenu,
Msomaji wa Morogoro