Barasa, Jumamosi usiniandikie kitu

Dublin, Jumanne 29 Aprili 2025

Sema Barasa,

Habari za huko, habari za mama, habari za kwa Achieng', wote wasalimie, mimi mzima, baridi imeanza kupungua, kazi ni ile ile. Haya, salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Najua unashangaa mbona baruapepe kama watu wanaotafuta kazi. Ni kwa sababu kwa WhatsApp bado nimekubloki. Ndio, ni mimi nilikubloki, simu haikupotea wala sijabadilisha laini. Wafula alinipigia juzi akaniambia kumbe mwezi wa pili ulipata mtoto msichana, ukanitumia picha, ukaona tiki moja, ukangoja, tiki moja, mpaka ukaanza kuuliza watu kama niko hai. Aki nilishikwa na aibu sikujua niweke uso wapi. Nilimdanganya Wafula ati simu ilianguka kwa maji. Wewe siwezi kukudanganya. Nilikubloki tarehe 25 Mei mwaka jana usiku, nikiwa kwa kiti cha binamu yangu London, na sababu unaijua.

Nitarudi kwa mtoto, wacha kwanza nitoe hii kitu kifuani kwa sababu ndiyo inaninyima usingizi.

Jumamosi ni nusu fainali ya raga, lile Kombe la Mabingwa la Ulaya. Leinster yangu ya hapa Dublin na Northampton ya Uingereza, hapa hapa uwanja wa Aviva, na mimi nina tikiti. Nimebadilishana shifti na Mfilipino mmoja tunafanya naye kazi hapa kwa nyumba ya wazee, na bei yake ni kwamba Krismasi yote nitafanya mimi, tarehe 24 mpaka 26, bila kulalamika. Kwa hivyo unaona nimeweka nini mezani. Na ombi langu kwako ni moja: Jumamosi funga mdomo. Usipige, usitume hongera, usiweke stetasi, usimwambie Wafula aniambie. Hata moyoni ukiweza usiseme.

Usicheke bana. Hebu tuhesabu pamoja.

2022, fainali kule Marseille, tunacheza na La Rochelle ya Ufaransa. Tumeongoza karibu mechi yote, ni kweli hatukuwa tumepata trai hata moja, ile ya kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, pointi zote 21 zilikuwa za penalti, lakini tunaongoza. Dakika kama ya 70 hivi wewe ukanitumia "hongera mabingwa" na ile picha ya simba amevaa kofia. Dakika ya 79 Retière wao akajipenyeza pale pembeni ya rundo la watu, akanyoosha mkono, trai. 24-21. Sikusema kitu. Nikasema ni bahati mbaya.

2023, hapa nyumbani Aviva, La Rochelle tena. Dakika 12 tu tuko 17-0! Trai tatu! Watu wanakumbatiana na watu hawajuani. Nani akanipigia simu ya video akiimba? Nani alishika sufuria akapiga nalo ngoma mpaka Mama Achieng' akaingia kwa skrini kuuliza nani ameolewa? Tukapigwa 27-26. Pointi moja, Barasa. Na juu ya hiyo pointi moja nikakutumia pesa ya mbuzi kwa M-Pesa, na ukaniandikia ati mbuzi alikuwa mtamu lakini mdogo.

Halafu 2024, uwanja wa Tottenham, na Toulouse. Hii ndiyo siwezi kusahau. 15-15, muda unaisha, Frawley wetu anapiga dropi goli, ule mpira wa kupigwa kati ya nguzo, kutoka mbali huko, mpira uko hewani, na simu yangu ikalia: "IMEINGIA!!!" Kumbe striimu yako ilikuwa imeganda mpira ukiwa juu, na wewe mwenyewe ukaamua imeingia. Ulipita pembeni. Tukaenda muda wa ziada, Lebel wao akafunga trai, ikawa 31-22. Fainali tatu mfululizo! Nikakaa pale kama kuku aliyenyeshewa, nikachukua simu, nikakubloki. Binamu yangu alifikiri ni mwanamke.

Sasa niambie huo sio mkosi ni nini. Mimi si mtu wa kuamini hizi vitu, unanijua, lakini mara tatu?

Halafu uone sasa kinachotokea ukiwa umenyamaza. Raundi ya 16 Leinster 62, Harlequins 0. Robo fainali Leinster 52, Glasgow 0. Mechi mbili za mtoano, 114 kwa nunge. Hata hao Quins wako walitoka Croke Park wakiwa hawajui nini imewagonga, na aki hapo ndipo nilikumiss, kwa sababu miaka yote umenisumbua ati Quins ya Ngong Road na Quins ya London ni damu moja, na siku yenyewe ya kukucheka imefika na nimekubloki! Nilikuwa na meseji nimeiandika vizuri kabisa, inahusu zile jezi za rangi rangi na mtu wa mitumba, nikabaki nayo.

Acha tuongee raga kidogo kama zamani. Mimi naona tunashinda 31-17. Sababu sio ushabiki. Kocha Nienaber tangu atoke na Kombe la Dunia na Springboks wa Afrika Kusini akaja hapa, mara ya kwanza watu walinung'unika, mabeki wanakimbia mbele kama wanafukuza mwizi, wakikosa mtu mmoja nyuma ni uwanja mtupu. Lakini mwaka huu wameelewa. Mpinzani anashika mpira tu na tayari kuna mtu kifuani. Halafu kuna Jordie Barrett, All Black mzima wa New Zealand amekuja msimu mmoja, na Snyman kama mnara hapo laini-auti, pale mpira unarushwa ndani, na Doris nahodha. Kijana Prendergast wa namba 10 wengine hawamtaki, wanasema hajui kukabana, na enyewe wakati mwingine anakabana kama mtu anayezuia mlango wa matatu, lakini mguu wake bana, ule mguu. Northampton kwa ligi yao wako chini huko. Mabingwa wa Uingereza wa mwaka jana lakini msimu huu wamepoteza mechi nyingi sana, nikiangalia jedwali nawaonea hata huruma.

Hapo ndipo ungenikatiza. Ungeniambia kumbuka nusu fainali ya mwaka jana, hao hao Northampton, Croke Park, watu zaidi ya elfu 80. Lowe alifunga trai tatu peke yake, tukawa 20-3 mbele, mimi nikaenda kununua chipsi, nikirudi ni 20-17 na watu wote wamesimama kimya wameshika vichwa. Tulishinda lakini tulitoka pale kama tumeponea ajali. Na sasa wameongeza yule mtoto Pollock, miaka 20, aliingia na Uingereza kule Cardiff mwezi wa tatu mechi yake ya kwanza akafunga trai mbili. Ana ule mdomo wa vijana wetu wa Nakuru wakati wako form four, anakufunga halafu anakuangalia. Na Freeman pale winga, na Fin Smith. Castres waliwapiga 51-16. Hao sio watu wa kuonea huruma, najua, najua.

Lakini 31-17. Sibadilishi.

Kuna mzee hapa tunayemtunza, chumba cha mwisho kabisa, shabiki wa Leinster tangu wakicheza Donnybrook na watu wachache tu. Yeye haniambii matokeo, anasema kutabiri ni kazi ya watu hawajaumia. Jana nikimpa dawa za usiku akanipa hadithi ya fainali ya 2011, Cardiff, Leinster na Northampton hao hao. Mapumziko Northampton wanaongoza 22-6. Mzee akazima TV, akaenda kulala na hasira. Asubuhi akaenda dukani kununua maziwa akakuta watu wanaimba. Kumbe kipindi cha pili Sexton aliamka, alimaliza na pointi 28, tukashinda 33-22, na mzee amekosa kipindi kizuri kuliko vyote vya maisha yake amelala. Sasa akiangalia mechi haendi hata choo, inabidi mimi nimngoje. Nikamuuliza, kama ungebaki macho wangeshinda? Akanyamaza muda mrefu, akasema "hilo ndilo sijui." Unaona? Hata yeye.

Nusu fainali ya pili ni Jumapili, Bordeaux na Toulouse, na najua wewe tangu Quins wazikwe umehamia Toulouse, Wafula aliniambia, hauna aibu. Toulouse bila Dupont mimi simo. Goti lake lilikwisha hapa hapa Dublin mwezi wa tatu na Ireland, nilikuwa naangalia kwa simu kazini na uwanja wote ulinyamaza, hata sisi tusiompenda. Robo fainali walipita kwa Toulon 21-18 kwa kuburuta. Bordeaux nao walipiga Munster 47-29, na wana yule Bielle-Biarrey, trai 8 kwa Mataifa Sita ya mwaka huu, ukimpa mita moja amekwenda, na upande wa pili Penaud, na Jalibert wa kuwagawia mpira. Na wanacheza Bordeaux, wamehamishia mechi kwa ule uwanja mkubwa wa soka. Mimi nasema Bordeaux kwa pointi 7. Hata kombe hili hawajawahi kulichukua, watu wenye njaa namna hiyo usiwapite njiani na sahani. Hii ya Jumapili unaruhusiwa kutabiri unavyotaka, tabiri kwa sauti, waambie Toulouse hongera kuanzia sasa. Utakuwa umenisaidia sana.

Tukishinda, fainali ni Cardiff tarehe 24 Mei. Tikiti ya huko sijanunua, naogopa. Nimeangalia tu basi na feri, nikafunga ukurasa haraka kama mtu ameona kitu hapaswi kuona.

Sasa mtoto. Barasa nisamehe. Nikifikiria vile ulikaa hapo hospitalini na furaha yako unatuma picha kwa mtu amekufungia mlango juu ya dropi goli, najichukia. Ni ujinga, na ulikuwa ujinga tangu wiki ya kwanza, lakini unajua vile mtu akikaa na kitu muda mrefu inakuwa ngumu kukifungua, unasema kesho, halafu Leinster wakaanza kushinda, nikasema sasa nikimtoa... ona. Hapo sasa nimeanza kuongea kama bibi yako wa Malava na yule bundi wake.

Nakumbuka 2016 wakati Shujaa, timu yetu ya Kenya ya wachezaji saba, walipiga Fiji 30-7 kwa fainali ya Singapore, tuko kwa ile nyumba yako ya chumba kimoja, stima imepotea mapumziko, tukakimbia mpaka kwa kinyozi mwenye jenereta, wewe na sabuni bado kichwani. Siku hiyo uliongea mechi nzima. Ulitabiri kila kitu, ulisema Injera atafunga, ulipongeza kabla ya wakati, na tulishinda. Nimefikiria hii sana wiki hii. Labda mkosi si wako. Labda wangu.

Lakini bado Jumamosi nyamaza. Tusijaribu bahati.

Pesa ya mtoto nitatuma mwisho wa mwezi nikilipwa, na hii si ya mbuzi, mama yake anunue anachotaka, wewe usiguse. Cate anakuja huku mwezi wa sita, mpe unga wa wimbi kilo mbili tafadhali, wa huku ni kama vumbi la saruji. Ukiweza na majani chai, ile ya kawaida, sio ya zawadi.

Anaitwa nani? Wafula alisema jina la mama yako halafu akasema hana uhakika. Amefanana na nani, asiwe na yale masikio bana? Analala usiku? Na Sheila yuko aje, alijifungua salama? Goti lako walipasua au bado unadanganya daktari? Bado unafundisha wale vijana wa Jumamosi asubuhi, na yule mrefu aliyekuwa anaogopa skramu alienda wapi? Na timu yenu ya Kabras mnaendaje msimu huu au nisiulize? Mama bado ananikasirikia juu ya ile harusi? Na wewe, umenikasirikia? Kiasi gani?

Nijibu hapa kwa emaili, lakini jibu kabla ya Ijumaa usiku, na usitaje mechi.

Nitakutoa bloku Jumamosi filimbi ya mwisho ikilia, tushinde tushindwe. Basi tukishindwa nipe mpaka Jumatatu.

Wako,
Kim

NB. 31-17. Ukiambiwa na mtu kwamba tunaongoza, mwambie haujui hiyo timu.