Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majengo Matupu na Wapangaji Tunaowatafuta

Ndugu wanachama,

Mlitutuma tutafute wapangaji wa majengo yaliyofungwa katikati ya mji wetu. Tulianza kwa kubandika matangazo na kuongea na madalali, tukakaa kusubiri simu. Hazikuja. Ndipo kamati ikaamua tuwatafute kwanza wenye majengo, na muda wetu mwingi umeishia huko.

Mmoja wao alitufungulia lililokuwa duka la vitambaa. Shata ilikwama nusu, tukaingia tumeinama. Rafu bado zimesimama, kipimo cha mita kimepigiliwa ukingoni mwa kaunta, na dari ya nyuma ina doa la maji pana kama meza. Ni chumba kirefu chenye mlango mmoja. Tulimuuliza kwa nini hashushi pango. Akatueleza bila kuficha: benki ilithamini jengo kwa pango lililoandikwa kwenye mkataba. Likishuka, thamani ya jengo nayo inashuka, na mkopo wake unaingia mashakani. Nilitoka pale nikijuta maneno niliyowahi kuyasema juu ya watu kama yeye.

Tulichokubaliana ni hiki: pango kamili libaki kwenye mkataba, mpangaji apewe nafuu ya miezi ya mwanzo kwa maandishi ya pembeni, na benki ijulishwe mapema. Chumba kikagawanywa. Fundi cherehani aliyekuwa akishonea nyumbani alihitaji theluthi yake tu, na sasa yumo. Wengi wanaotujia wako hivyo: biashara wanayo, ila fremu zetu ni kubwa kuliko mifuko yao.

Mpangaji mmoja tulimpoteza, na kosa ni la kamati. Alitaka kufungua mgahawa. Tulimwonyesha jengo zuri, akapiga hesabu za wiki kadhaa, kisha ikagundulika halina bomba la kutolea moshi wala shimo la kunasa mafuta ya jikoni. Siku hizi hatumpeleki mtu kabla ya kukagua paa, nyaya, maji na choo.

Tumejifunza pia kwa wenzetu. Mjini Newcastle, Australia, mradi wa Renew Newcastle ulioanza mwaka 2008 uliwapa wasanii na mafundi vyumba vitupu kwa kibali cha siku 30 kinachohuishwa. Mwenye jengo alipopata mpangaji wa kulipa pango kamili, alirudishiwa chumba chake. Uingereza imechukua njia kali zaidi: tangu Desemba 2024 halmashauri zinaweza kupiga mnada haki ya kupanga jengo lililokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24. Mimi napendelea njia ya Newcastle, kwa sababu mwenye jengo anabaki upande wetu. Lakini wapo wasiojibu barua wala simu mwaka mzima huku kuta zao zikimwagia jirani maji, na kwa hao subira yangu imefika mwisho. Kamati itaiandikia halmashauri kuhusu hao.

Wanachama wawili walilalamika kwamba tunawaletea washindani. Nawaelewa. Hata hivyo mteja wa kitambaa hupita kwa fundi, na wa fundi hununua vifungo. Mtaa wenye shata zilizofungwa hakuna anayeupitia.

Kazi ya kwanza mwakani ni lile doa la dari: fundi wa paa aanze kabla ya mvua. Funguo za majengo yaliyo tayari anazo katibu. Anayemfahamu mtu mwenye biashara ya nyumbani inayombana amlete siku yoyote ya kazi, nitamtembeza mwenyewe.

Mwenyekiti