Ungesema umeota tu

Mwanangu,

Umelala. Nimekuchungulia mara mbili, na mara ya pili ulikuwa umegeukia ukutani, shuka umeivuta hadi masikioni, na joto hili la Tanga lilivyo. Kama ni usingizi wa kweli au wa kunikimbia, unajua mwenyewe. Jioni nilipotaka tuzungumze uliniambia maneno matatu, "Ungesema umeota tu," ukabeba sahani yako ukaenda kula barazani. Basi naandika.

Nilipoalikwa kuja kuongea na darasa lenu nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Nilijua mko themanini na kitu, mnabanana watatu watatu kwenye dawati, na mimi nina nakala 18 za kitabu changu cha Komba anayeogopa giza. Usiku ule nilizihesabu na kuzihesabu tena kama mtu aliyepewa kazi ya kugawa pilau isiyotosha. Halafu nikaingia, mkasimama wote, "Shikamoo mwalimu!" Nikakuona dirishani kule nyuma, unanishikamoo na wenzako kama mgeni aliyeteremka kwenye basi sasa hivi. Nusura nicheke. Nilipoanza na "Paukwa!" mkaitikia "Pakawa!" hadi darasa la jirani wakaitikia pia, mwalimu wao akaja mlangoni kuangalia kuna nini.

Maswali yenu yalinifurahisha mno, na hapo ndipo nilipoanza kujisahau. Yule mwenzako wa dawati la mbele aliuliza, "Mbona wewe uko hai?" Mwalimu alitaka kumkaripia, nikamwombea. Ana haki. Waandishi mnaotajiwa ni wa kwenye picha za ukutani. Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa kwetu, mzaliwa wa Vibambani, alifariki mwaka 1962. Huyo ndiye mwandishi anayemjua yeye. Mwingine akauliza kama kitabu changu kinatoka kwenye mtihani. Niliposema hapana, nikaona mabega yakishuka darasa zima, na mmoja akakifunga kabisa. Nikajieleza, kwamba hicho ni cha ziada, si cha kiada, kwamba Taasisi ya Elimu ilikipitia ikakipa ithibati ndipo kikaruhusiwa shuleni, ila hakuna atakayekutungia swali la kuchagua herufi. Alikifungua tena, taratibu, kama anayeonja uji wa moto.

Na hela, bila shaka. "Unalipwa shilingi ngapi?" Nikawaambia ukweli: mkataba wangu ni asilimia kumi, kitabu kikiuzwa 5,000 fungu langu ni 500, na huo mrabaha nausubiri mwaka mzima. Kukapita kimya. Kisha sauti kutoka nyuma, "Chapati moja!" Hata wewe ulicheka hapo. Nilikuona.

Nikatoa ile kalenda ya mwaka jana niliyoibandua jikoni. Nilitaka mjue kitabu kinazaliwaje kiwandani: karatasi moja kubwa, pande zote mbili zimechapwa, unaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, unakata kingo, tayari una kurasa 16. Karatasi nyingine nusu yake inakupa 8. Jumla 24. Ndiyo maana vitabu vyenu vingi vyembamba vina 16, au 24, au 32, na hutakuta chenye 27. Mashine haijui 27. Mlinyang'anyana ile kalenda. Mwezi wa Agosti ulichanika vipande viwili. Nilijiona mjuzi, nikavimba kichwa, na mtu akiwa katika hali hiyo hasikii swali linavyokuja.

"Huyu Komba umemtoa wapi?"

Swali dogo. Ningejibu kwamba komba wamejaa minazini hapa kwetu, usiku wanakunywa tembo la watu na kulia kama watoto, na kwamba mnyama wa usiku anayeogopa giza ni kichekesho chenyewe. Ningesema nimeota. Badala yake nikanyoosha mkono hadi dirishani nikasema, "Nimemtoa kwa mwanangu yule pale."

Vichwa themanini viligeuka. Na wote walikuwa wameshafika ukurasa wa 9, Komba anapokojoa kitandani kwa kuogopa kwenda chooni, na ukurasa wa 11, anapofunga mkia wake kwenye mkia wa mama yake asipotee gizani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mkia ni ncha ya kanga yangu. Walicheka kile kicheko cha shuleni ambacho hata mimi nilikipata enzi zangu, na mwalimu akanong'ona kwamba ni utani tu, kesho watasahau. Hawatasahau kesho. Mimi niliitwa Kijiko mpaka nilipomaliza la saba, na kisa cha kijiko chenyewe sikisemi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwaambia wenzako, na wewe sijawahi kukwambia.

Muswada wa kwanza ulikuwa na kurasa 28. Kurasa nne za mwisho zilikuwa zile za usiku wa malaria yangu. Ulikuwa na miaka saba, umeme umekatika, mimi natetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Nilikuwa nasikia bali siwezi kujibu. Ulikaa mlangoni muda mrefu, nikasikia unahesabu, moja mpaka kumi, ukaanza tena moja. Kisha ukatoka. Ulipita chini ya ule mwembe ambao hata mchana ulikuwa unaupita mbio, ukafika nyumba ya nne, ukarudi na bibi jirani, na nyuma yenu taa ya bodaboda. Kanga yangu uliiacha imening'inia palepale kwenye kitasa.

Mhariri aliniambia hadithi ni ndefu: 24 au turudi mezani. Kunja mara tatu, kata kingo, unajua tena. Ningeweza kukata kwingine. Kulikuwa na kurasa mbili za bundi ambaye hana kazi yoyote mle, na ile sherehe ya mwanzo. Lakini bundi alikuwa amechorwa vizuri, na vichekesho vya kitandani nilijua vitauza. Nikakata zile nne. Kwa hiyo kilichobaki kitabuni ni woga wako mtupu, na leo nimekusonta kwa kidole.

Nimejaribu kujitetea usiku huu. Nimemkumbuka Mwana Kupona, kule Lamu, mwaka 1858, mgonjwa, anamwandikia bintiye Mwana Hashima utenzi wa namna ya kuishi na mume, na mpaka leo tunausoma sote, mambo ya ndani ya mama na mwana. Nikajiambia, basi, ni jadi yetu. Halafu nikajiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza Mwana Hashima.

Nisamehe, baba. Sikuomba ruhusa yako nilipoandika, na leo nimekufanyia vibaya zaidi.

Zile kurasa nne ninazo. Ziko juu ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na muswada mpya ambao mchapishaji anauulizia. Mna kitu chako kimoja humo, kile cha baiskeli ya mjomba. Juu ya bahasha nimeweka penseli nyekundu. Usilolitaka lipige mstari, ukurasa mzima ukipenda, mimi sitauliza kwa nini. Na kama hutaki kugusa kabisa, iache ilipo, sitaupeleka.

Chai iko kwenye chupa, maandazi nimeyafunika. Kesho nina safari ya sokoni alfajiri, kwa hiyo shuleni utakwenda peke yako, sitapita hata getini.

Mama