Kurasa za ndani zinatufanya makaa

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Kisumu na kazi yangu ni kupiga picha, harusi, matanga, mahafali, chochote kinacholipa. Leo siandiki kuhusu barabara wala siasa, naandika kuhusu nyuso. Wiki mbili zilizopita mlitoa picha ya kina mama wakianika omena pale ufuoni Dunga, ukurasa wa ndani, zile kurasa hazina rangi. Kina mama wenyewe walichanga wakanunua gazeti, wakaliinamia wote, huyu ni nani, na huyu je, mwishowe ni mmoja tu aliyejitambua, tena kwa leso yake, maana kutoka shingoni kwenda juu wote walikuwa weusi ti kama sufuria ya matangani ukiigeuza. Omena sasa ndio walionekana vizuri, macho yao ungeweza kuhesabu.

Watu wakiona hivo wanasema aah ni wino, ama ni karatasi, ama sisi watu wa ziwa ni weusi sana basi ifanyweje. Hapana. Kamera haijui omena ni nini wala mama ni nani. Inapima mwanga wote ulio mbele yake ikidhani dunia nzima ukiichanganya ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 tu ya mwanga, sasa ukiielekeza kwa omena waliotandazwa wakimetameta saa saba mchana, na hapa jua linakaa utosini kabisa, inashtuka, inasema mwanga umezidi, inapunguza, na anayeumia ni yule ambaye uso wake haukuwa na mwanga wa kupunguziwa. Dawa ni ndogo tu. Kuna kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, jumlisha moja, ama upime uso peke yake uachane na mengine. Omena wataungua kidogo, watakuwa weupe bila magamba, na mimi nasema waungue. Kama hutaki kuwapoteza basi zunguka, simama upande ule kichwa cha mama kitakuwa na mashua ama magugu maji nyuma yake badala ya anga, chuchumaa, ngoja ainame kuchagua, utaona wale omena pale chini wamegeuka kioo wanamrudishia mwanga kidevuni na chini ya macho. Huo mwanga ni mtamu, studio sijawahi kuupata.

Sasa shida ya pili iko kwenu ofisini, mnisamehe. Picha inakuja na rangi zake, alafu mtu anabonyeza mara moja rangi zinatoka, kwisha, ukurasa unaenda. Kumbe kazi ndio ilikuwa inaanza. Ile njia ya kawaida ya kutoa rangi iko na hesabu yake, kijani inapewa karibu asilimia 59 ya uzito, nyekundu 30, buluu 11, kwa sababu jicho la binadamu linaiona kijani kuliko zote. Lakini ngozi yetu ikipigwa na mwanga inarudisha nyekundu zaidi, ata iwe nyeusi namna gani, kwa hivo ile rangi iliyobeba uso wa mtu ndio inapewa chini ya thuluthi. Ingia kwa setingi za nyeusi na nyeupe, pandisha nyekundu na ile ya machungwa kidogo, utaona uso umefunguka bila kugusa kitu kingine, mikunjo iko, jasho la puani liko. Usizidishe lakini. Ukizidisha midomo inapotea na mtu anakaa amemwagiwa unga, bibi harusi mmoja alinirudishia albamu nzima ju ya hiyo.

Mwaka jana jirani yangu mmoja, mama mzee, alifiwa na bwana yake na picha nzuri iliyokuwepo ilikuwa kwa simu ya mtoto, mzee amevaa shati nyekundu amesimama mbele ya ua la kijani. Ya kuweka kwa ile programu ya mazishi. Kijana wa saiberi akaitoa rangi akaprinti. Shati na ua vikawa kijivu kimoja, huoni mabega yanaishia wapi, kichwa kinaelea peke yake kama boya la nyavu. Mama akaniletea akaniuliza, "Mwanangu, ama mwili ndio umetangulia?" Sikujua nicheke ama nilie. Nikaiomba ile ya rangi kwa simu, nikashusha kijani, nikapandisha nyekundu, ua likaingia giza, shati ikang'aa, mzee akapata mabega yake, ni dakika tano hivi. Kama ile ya rangi ingekuwa imeshafutwa singekuwa na la kufanya.

Ndio maana vijana wanaokuja kwangu nawaambia wapige RAW, yaani faili ghafi ya kamera kabla haijapikwa kuwa picha. Unaweza ukaiweka skrini ya kamera ikuonyeshe nyeusi na nyeupe ili uzoee kuona vivuli badala ya rangi, na RAW bado inakuwekea rangi zote. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, ikiwa haina rangi iko na ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe, ukianza kuvuta uso utoke gizani unakatikakatika kama tope lililokauka, lakini RAW ya biti 14 iko na ngazi zaidi ya 16,000. Memori kadi itajaa haraka, ndio, nunua ingine. Leica, wale watengeneza kamera wa Ujerumani, walitoa kamera ya nyeusi na nyeupe tupu mwaka 2012, haina chujio la rangi kabisa, bei yake usiulize, na ile haiwezi kukupandishia nyekundu baadaye kwa hivo usiionee wivu.

Karatasi ya gazeti nayo inakunywa wino, doti zinapanuka, picha iliyo sawa kwa kompyuta inatoka na giza zaidi, hiyo mnaijua kuliko mimi, basi mbona hamuipi uso mwanga kidogo zaidi kabla haijaenda? Na wale flamingo wa Nakuru tafadhali msituwekee bila rangi, ile pinki ndio habari yenyewe, mkiitoa tunabaki tunaangalia bata wenye miguu mirefu.

Sijui kama ile picha ya Dunga bado mko nayo ikiwa na rangi. Kama iko, irudieni siku yoyote, ata ikiwa ndogo pale chini karibu na matangazo. Kina mama wamesema watanunua tena, nimewauliza, ila safari hii yule wa leso anataka nakala yake peke yake.

Mpiga picha, Kondele, Kisumu